Pete Iliyotoka Baharini Ina Mwenyewe

 

Leo tunaweka mkasi pembeni. Hatuzungumzii shela wala mishono. Tunazungumzia dhahabu inayopotea baharini na dhahabu inayookotwa ufukweni. Swali lenyewe ni fupi. Upepo umevuma, mawimbi yamekula mchanga, umepita asubuhi ukaona pete inang'aa. Au mtu kapita na mashine ikalia, akafukua, akaitoa. Je, ile pete ni riziki yake? Wengi hujibu haraka, "Bahari imempa." Sisi tunasema bahari haina chake cha kumpa mtu. Inarudisha tu, na kinachorudishwa kina mwenyewe.

Tunaandika wawili, mtu na mdogo wake, mafundi wa nguo za harusi hapa Unguja. Wateja wetu wengi hawajui kwamba kwetu ni Nyamigogo, upande wa Biharamulo, mkoa wa Kagera, mbali kabisa na bahari. Na ni huko bara tulikoiona mashine ya kutafuta dhahabu, kabla hatujajua kusi wala kaskazi ni nini. Kwa hiyo tuanzie nyumbani.

Kwetu wanasubiri mvua

Biharamulo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na tangu 2013 uko mikononi mwa STAMICO kwa jina la STAMIGOLD. Lakini pembeni ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, na kati yao wako vijana wanaotembea na mashine ya kugundua madini. Wenyewe wanaiita detekta. Ina mpini mrefu, chini ina duara la waya kama sahani, na juu ina vifaa vya kuvaa masikioni.

Wakati wanaoupenda ni baada ya mvua kubwa. Maji yanakata makorongo, udongo mwepesi unachukuliwa, kizito kinabaki. Na dhahabu ni nzito sana. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19 ya maji ya ujazo ule ule, wakati mchanga wa kawaida hata mara 3 haufiki. Ndiyo maana mtu akitikisa karai lenye maji na udongo, mchanga unamwagika na punje ya dhahabu inabaki chini.

Kaka yetu ni mmoja wa vijana hao. Mashine yao ni ya watu wanne waliochanga. Wanayo kanuni moja ambayo mama yetu aliisisitiza tangu siku ya kwanza: shamba ni la mtu. Unabisha hodi, unaomba, mnakubaliana mgao kabla hujagusa udongo, na penye leseni ya mtu huingii bila ruhusa yake. "Ukichimba kwa siri ukapata, hujapata, umeiba," mama alikuwa akisema. Kanuni hiyo tutairudia huko mbele.

Ufukweni mambo ni yale yale

Pwani hali haina tofauti, ila badala ya mvua kazi inafanywa na mawimbi. Pete ikianguka majini siku ya kawaida, inazama kwenye mchanga kidogo kidogo, na kila wimbi linaifunika. Mwezi ukipita iko chini ambako mkono haufiki. Ikija dhoruba, mawimbi makubwa yanachota mchanga na kuupeleka kwingine. Ufukwe unashuka. Asubuhi unakuta mchanga umekatwa kama ngazi, na mawe yaliyokuwa yamefichika yako nje.

Vitu vizito haviendi mbali. Vinateremka mpaka vikutane na tabaka gumu, kisha vinajikusanya kwenye vibonde pamoja na kokoto, misumari na chubwi za wavuvi. Mtafutaji mzoefu anatazama kwanza zilipokusanyika chubwi, kwa sababu bahari inapanga vitu kwa uzito, na risasi na dhahabu hulala jirani.

Hapa Unguja pwani ya mashariki, Bwejuu, Paje, Jambiani, ndiko kusi inakopiga. Mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi makubwa huko nje, lakini upepo mkali ukikutana na bamvua, mchanga unaliwa. Na bamvua hiyo hiyo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa hukimbia mbali sana. Pale ulipoogelea jana maji ya kifua, leo unapita kwa miguu. Dada zetu wa Mafia hawahitaji kuelezwa nguvu ya bahari. Kimbunga Hidaya kilitua kisiwani kwao tarehe 4 Mei 2024.

Mashine yenyewe haina maajabu. Lile duara linatoa nguvu ya sumaku. Ikikuta madini ya aina ya chuma, shaba, fedha au dhahabu, yanajibu kwa umeme mdogo na mashine inalia. Mashine za bei ndogo huchanganyikiwa kwenye mchanga uliolowa chumvi. Kule kwetu udongo mwekundu wenye chuma unazichanganya vivyo hivyo, kwa hiyo watafuta dhahabu wengi wanatumia aina inayotoa nguvu kwa mapigo mafupi mafupi na kusikiliza jibu kila baada ya pigo. Aina hiyo inavumilia chumvi pia. Kasoro yake haichagui vizuri. Pete italia, kizibo cha soda kitalia, na msumari utalia. Na hata ikilia kwa pete, haikuambii ni ya nani.

Pete mbili

Mwaka jana, wakati wa kusi, tulimshonea biharusi mmoja ambaye hatutamtaja. Baada ya harusi walikwenda fungate pwani ya mashariki. Siku ya pili aliingia majini na mumewe, na alipotoka kidole kilikuwa kitupu. Maji ya kusi yana baridi, vidole vikipoa vinanywea, na pete iliyokuwa imekaa sawasawa inateleza bila mtu kuhisi. Pete ile ilikuwa sehemu ya mahari yake.

Aliporudi mjini maneno yalianza. Kwa wakwe kukasemwa kwamba pete haikupotea, imeuzwa. Alikuja dukani kwetu akakaa kwenye kiti cha wateja analia. "Dada zangu," alituambia, "pete naweza kuishi bila yake. Jina langu siwezi."

Wiki ya tatu kaka yetu alikuwa Dar es Salaam, amepeleka betri ya mashine kutengenezwa. Tukamwomba avuke na boti, tukamkaribisha nyumbani na shughuli yenyewe tukamweleza. Upepo ulikuwa umevuma siku tatu na bamvua ilikuwa imewadia. Tulikwenda kwanza kwa sheha kuomba ruhusa. Kisha tukawafuata kina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani hiyo mwaka 1989, na hakuna anayeujua mchanga ule kama wao, kwani kila siku ya maji kupwa wako juu yake. Walituonyesha wapi mchanga umeondoka, na wapi tusikanyage kwa sababu ya vijiti na kamba zao.

Tuliingia sote, biharusi na mumewe, ndugu mmoja aliyewasindikiza, kaka yetu na sisi wawili, buibui tumezifunga kiunoni. Asubuhi nzima mashine ililia. Tukatoa vizibo, misumari ya ngalawa, kijiko, chubwi kumi na moja. Kila shimo tulilifukia, maana mtu wa mwani akitumbukiza mguu humo anavunjika. Maji yalipoanza kurudi, kwenye kibonde ubavuni mwa jiwe, mashine ikalia tena. Kaka akainua koleo, na juu ya mchanga ikawa imekaa pete ya dhahabu.

Biharusi alipiga kelele, "Alhamdulillahi!" na sisi tukapiga vigelegele. Mumewe akaisuuza kwenye maji, akaiinua juani, akanyamaza. Kwa ndani palichongwa herufi na tarehe. Hazikuwa zao.

Dada zetu, fikirieni hali ile. Pete ya umbo lile lile na rangi ile ile, na nyumbani mama mkwe anasubiri. Yule ndugu akanong'ona, "Sonara anafuta herufi dakika tano. Ivaeni, maneno yaishe." Hakuna ambaye angejua.

Biharusi aliishika muda mrefu. Halafu akasema, "Nikiivaa hii, kila nikitia udhu nitaisogeza na nitakumbuka ni ya mwenzangu."

Kaka yetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akauliza, "Kwetu ukipata kwenye shamba la mtu unamwita mwenye shamba. Hapa nimwite nani?"

Pete ya biharusi haikupatikana siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Mumewe ndiye aliyekwenda kwa mama yake na ile pete ya mtu, akamweleza kila kitu, na namna mkewe alivyoikataa. Mama akaomba miwani, akazisoma herufi. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi na ya kwetu, Mungu amjaalie atakayeiokota awe na moyo huu huu." Tangu siku hiyo maneno ya kuuzwa hayakusikika tena.

Tulivyoelezwa na shekhe

Tulikwenda kuuliza, kwa kuwa sisi ni mafundi wa nguo, si wanazuoni. Shekhe alitueleza kwamba kitu kilichookotwa kinaitwa luqata, na kina taratibu zake. Msingi ni Hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani, iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwelekeza mtu aliyeokota mali azitambue alama zake, chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, apewe. Asipokuja, muokotaji anaweza kuitumia, lakini akitokea mwenyewe baadaye anastahiki haki yake.

Angalieni hapo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutangaza. Unatangaza pale watu wanapokusanyika, sokoni, mlangoni mwa msikiti, gatini. Ndani ya msikiti si mahali pa kunadia kilichopotea. Ya pili ni kuficha. Unasema "pete ya dhahabu imeokotwa", basi. Husemi uzito, herufi, wala tarehe. Hizo unamwachia anayedai azitaje mwenyewe. Siku hizi watu wakiokota kitu wanakipiga picha kila upande na kuirusha kwenye simu. Ukishaonyesha alama zote, utamjuaje mwenyewe kati ya watu ishirini watakaokuja?

Tuliuliza pia juu ya vitu vidogo. Je, sarafu moja ya shilingi, au kibanio cha nywele? Akatukumbusha kwamba Mtume aliona tende njiani akasema angeila, ila alichelea isiwe ya sadaka. Kitu kidogo ambacho mwenyewe hataangaika nacho hakina uzito wa kutangazwa mwaka. Pete ya mahari si kitu hicho.

Na kama ni mali ya kale?

Pwani yetu imekaliwa na Waislamu karne nyingi, na bahari wakati mwingine inatoa vitu vyao. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala Waislamu wa pwani hii hii. Kule Kisimani Mafia, mji wa zamani ambao bahari imekuwa ikiula kidogo kidogo, sarafu za Kilwa na vigae vimekuwa vikiokotwa ufukweni.

Sarafu za Kilwa zimefika mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za Kilwa. Alizitunza, na mahali alipoziokota akapatia alama kwenye ramani. Zilipotambuliwa miaka mingi baadaye, ile alama ndiyo iliyowawezesha wataalamu kwenda kuchunguza. Kama angeziuza vipande vipande, leo tusingekuwa na habari hiyo.

Wengine husema, "Hiyo ni hazina, natoa khumsi nachukua yangu." Taratibu. Rikazi, inayotolewa sehemu moja ya tano, ni hazina iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu. Sarafu yenye jina la Mwislamu, wanazuoni wa Kishafi wanaihesabu kuwa ni luqata. Na juu ya hayo kuna sheria ya nchi. Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar kuna Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Ukikuta kitu cha namna hiyo usifukue zaidi na usikisugue. Tia alama mahali, kisha toa taarifa kwa sheha.

Kwa maharusi wetu

Sasa tuje kwenu, mabinti. Mahari ni haki yako, Qur'ani imeyataja katika Suratun-Nisaa. Ukishakabidhiwa ni mali yako. Ikipotea imepotea mali yako, na hakuna mwenye haki ya kukufanyia kesi. Lakini kujilinda ni bora kuliko kujitetea. Haya tunawaambia wateja wetu siku ya kuja kupima nguo ya mwisho:

- Pete ipimwe kidoleni asubuhi na jioni kabla sonara hajaikamilisha. Joto linavimbisha vidole na baridi inavinywesha. Ikizunguka ovyo asubuhi, ipunguzwe.
- Bahari usiingie na dhahabu. Iache nyumbani, imefungwa. Usiivue ufukweni ukaiweka kwenye kiatu au kwenye pindo la kanga, wengi wamezipoteza hapo hapo.
- Mwambie sonara achonge alama ndani, kisha andika uzito na karati yake, na utunze risiti. Siku ikiokotwa, hiyo ndiyo itakayokurudishia.
- Ikidondoka majini, simama papo hapo. Chukua alama mbili za nchi kavu, mnazi na paa kwa mfano, kama wafanyavyo wavuvi. Kumbuka saa na maji yalikuwa yakijaa au yakipwa. Kisha mwambie sheha wa pale na kina mama wa mwani.
- Usimtuhumu mtu. Mfanyakazi wa pale ulipofikia naye ana jina, kama wewe.

Na kwa ndugu wenye mashine: ombeni ruhusa, fukieni mashimo, na msichimbe kamwe penye mayai ya kasa.

Ukiipoteza pete, usione ndoa yako imepungua. Yule Sahaba aliyekuwa hana kitu aliambiwa na Mtume atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa hata hiyo, aliozeshwa kwa Qur'ani aliyokuwa nayo kifuani.

Sasa tangazo letu. Tunayo pete ya dhahabu, iliyotolewa mchangani pwani ya mashariki ya Unguja wakati wa kusi ya mwaka jana. Tumeitangaza sokoni, gatini na milangoni mwa misikiti, sheha ana habari, na mwaka unakaribia kutimia. Hata ukitimia hatutaivaa wala kuiuza haraka. Kama ni yako, au ya dada yako, au ya mgeni aliyewahi kukaa kwenu, njoo dukani ututajie herufi na tarehe. Hatutakudai hata nauli ya kaka.

Mwenyezi Mungu awarejeshee waliopoteza, na awape waokotaji moyo wa kurudisha. Amin.